Alama ya Penseli

Bwana mnunuzi, au bibi, sijui,
maana jina lako ni neno moja na tarakimu nne,
nakuandikia kutoka Thunder Bay, mezani, jikoni.
Theluji imepanda hadi kizingiti cha dirisha
na basi la shule ninaloendesha limegoma kuwaka.

Nilikuuzia kadi. Unaikumbuka:
Duquette, golikipa wa magongo ya barafuni,
mwaka wa sitini na mbili, bila kinga usoni,
enzi zile waliposhonwa nyuzi wakati wa mapumziko
wakarudi langoni.
Kona moja imelika. Nilisema imelika.
Nyuma, chini kulia, herufi mbili za penseli, E.K.
Nilisema zipo. Nilipiga picha sita,
na katika mojawapo dole gumba langu limejipachika.
Ukajibu: Sawa, mama. Ya nyuma hayanihusu.

E.K. ni Eino, kaka yangu.
Aliandika hivyo kwenye kila kitu,
kwenye soli za viatu, kwenye mayai ya kuchemsha,
maana tulikuwa watoto saba
na kilicholala bila jina kiliamka cha mwingine.
Kadi zake nisingeziuza. Ila paa lilivuja,
na fundi Delorme hapokei kumbukumbu.

Nilifunga nilivyoelekezwa:
kifuko laini, kifuko kigumu, kadibodi mbili,
utepe wa bluu usioacha gundi.
Nikakata bima. Bima ndogo.
Hilo nalo nimejifunza.

Siku tisa. Kisha ujumbe:
Bidhaa haifanani na maelezo.
Kisha bahasha ikarudi na utepe wangu uleule,
na ndani yake Duquette mwingine,
anang'aa kama sahani ya hotelini,
karatasi nyepesi, inanuka wino wa juzi,
na pale penye ndevu, nukta za mashine.
Nyuma, chini kulia: weupe.

Wanunuzi wameonywa tangu zamani
juu ya mbuzi aliye ndani ya gunia.
Muuzaji nani alimwonya
kwamba gunia laweza kurudi na paka?

Niliwaandikia wenye soko.
Nikatuma picha, risiti, nikachora mshale mwekundu:
tazameni hapa, herufi ziko wapi?
Tunaelewa jinsi unavyojisikia, wakajibu,
sekunde mbili baada ya mimi kutuma.
Je, jibu hili limekusaidia?
Nikabonyeza Hapana.
Likauliza tena, kwa upole uleule.
Wewe una nyota tano, watu mia tatu na kumi wanakusifu.
Mimi nilikuwa na nyota moja,
ya mwanamke aliyenunua birika langu.

Pesa walizivuta Alhamisi.
Nilijua nikiwa dukani, mkate na maziwa kwenye kaunta,
kijana akanong'ona ili walio nyuma wasisikie:
Kadi yako imekataa.
Nikacheka, Mungu anisamehe. Kadi, tena.

Basi sikia kilichonifanya nikuandikie.
Jana usiku nimemwona Duquette, yule wetu,
anauzwa na mtu wa Regina, bei mara tatu.
Kona ileile. Nyuma safi, wanasema, haina alama.
Nikaikuza picha mpaka ikajaa kioo.
Aliyepiga aliweka taa ubavuni,
labda kuonyesha ubora wa karatasi,
na pale chini kulia nikaona mifereji miwili,
haina rangi, ni kivuli tu,
E yenye mkono wa kati mrefu kuliko mingine,
K inayopiga teke.
Eino alikandamiza penseli kama anayechimba.
Mwalimu alimchapa kwa kutoboa madaftari.

Sijui kama ulifuta wewe au wa Regina.
Sijui hata kama ninyi ni watu wawili.

Delorme ameezeka upande mmoja,
upande wa pili ameufunika turubai,
na upepo ukija linapiga makofi usiku kucha.

Mnada unafungwa leo saa nne.
Watu kumi na wawili wanaitazama.
Mmoja wao ni mimi.